Fundi wa Ukunda na Picha Zinazoangalia Ukuta

Randa inakwenda na kurudi, vumbi la mwarobaini linampanda fundi Sefu Suleiman hadi kwenye nyusi, na nyuma yake kuna ukuta uliojaa picha zilizowapa watu mgongo. Ndiyo, mgongo. Zimetundikwa kwa fremu safi, zimenyooka vizuri, ila zimegeuzwa. Kinachoonekana ni kadibodi, vijisumari na maandishi ya penseli.

Anayeingia hapa kwa mara ya kwanza hudhani fundi amekosea. Mwandishi pia alidhani hivyo, na kwa kuwa waandishi hatuna adabu, akanyoosha mkono ageuze moja.

"Taratibu, ndugu yangu," anasema Sefu bila kuinua macho kwenye ubao wake. "Huyo bado hajaulizwa."

Karakana yake iko Ukunda, kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa. Maharusi humletea picha zao, wazazi huleta vyeti vya watoto waliohitimu, wenye saluni huleta vioo. Fremu ya kawaida ni shilingi mia saba. Miezi ya harusi anakula vizuri, na mwezi wa mfungo, kwa maneno yake, "tunamshukuru Mungu", maana yake hakuna kitu.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Inayomkosesha raha ni nyingine: Sefu anakusanya picha za zamani za Diani, za siku zile hoteli zilipokuwa chache na kila mgeni aliyeshuka alipokewa kwa ngoma na dafu. Anazo mamia. Mabwawa ya kuogelea, meza zilizopambwa kambakoche, wazungu waliobabuka kwa jua wakicheka na bilauri mkononi.

"Watu hudhani nawapenda hao wageni wa zamani," anasema. "Mimi wa mbele simtazami kabisa. Namtazama aliye nyuma yake."

Aliye nyuma yake ni yule mwenye sinia. Ni yule anayefagia majani ya mivinje, anayepanga taulo, aliyesimama mlangoni na funguo. Wapwa wa watu, mama za watu, majirani. Walipigwa picha kwa sababu walikuwa wamesimama hapo, na picha zikaenda zake.

Nyuma ya kila picha Sefu huandika mahali ilipopigwa, kazi ya mtu huyo na jina lake akilijua. Kisha huongeza neno moja: Bado, au Ameulizwa. Aliyemo akikubali, picha hugeuzwa ikatazama watu. Akikataa, hupewa picha yake aende nayo nyumbani, na fremu ni juu ya fundi. Kama ameshafariki, huulizwa wanawe, na si kabla ya arobaini kupita.

Sheria hii hakuisoma popote. Mkewe, Hafsa, anayekaanga viazi karai mlangoni pa karakana, ndiye anayejua ilivyoanza, na hamwachi mumewe aisimulie mwenyewe.

"Yeye ataipunguza," anasema Hafsa, akiviopoa viazi kwenye mafuta. "Kaa hapa nikwambie mimi."

Hoteli moja ilikuwa ikifanyiwa ukarabati, anaeleza, na picha za kwenye korido zikatolewa ziuzwe kwa bei ya kuni. Sefu alizifuata kwa ajili ya fremu. Zilikuwa za mvule, na mvule siku hizi haupatikani. Picha zenyewe alikuwa akizitoa na kuzitupa pembeni kama maganda ya ndizi, mpaka akaiona moja ya kijana anayekokota mwani ufuoni kwa reki.

"Akaniita, 'Hafsa! Huyu si Mzee Abdulwahab?' Nikatazama. Alikuwa yeye, jirani yetu, na nywele zake zote!"

Baada ya hapo hakutupa hata moja. Kisha Mzee Abdulwahab akafariki. Hapo ndipo Sefu, kwa nia njema kabisa, alipochonga fremu nzuri kuliko zote, akaitundika picha ya mzee nje ya karakana, njiani, siku ya pili baada ya maziko. Mtu wa kwao yeyote angelijua hilo ni kosa. Nyumba yenye msiba huondoa hata picha zake yenyewe ukutani, mpaka arobaini ipite. Sefu naye alilijua, ila furaha ya kuwa na picha ilimzidi akili.

"Dada wa mjane alikuwa anakwenda kununua mchele," anaendelea Hafsa. "Akamkuta shemeji yake amesimama njiani, kijana, anatabasamu, na reki mkononi. Mama yangu! Alipiga ukelele, soko lote likaja. Msiba ukaanza upya hapa hapa, kwenye karai langu. Siku ile sikuuza hata kiazi kimoja."

Sefu amesimamisha randa. Anatazama chini, na anacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado anaona haya.

"Walinisamehe siku ile ile," anasema. "Mjane alinitumia neno moja tu. Alisema, 'Mwambieni, angepiga hodi.'"

Sasa hupiga hodi. Kila anapopata nafasi hufunga picha mbili tatu katika leso na kwenda kutafuta wenyewe. Amefika Kibuyuni kwa picha ya mpishi, amevuka hadi Funzi kwa picha ya nahodha wa boti yenye sakafu ya kioo. Wengine huja wenyewe wakisikia habari.

Kadzo Katana amekuja leo. Ni mama wa makamo, anauza mboga, na ameambiwa kwamba marehemu baba yake yuko humu. Sefu anafuta vumbi mikononi, anashusha fremu moja ukutani na kumpa ikiwa imelala kifudifudi.

"Geuza wewe," anamwambia. "Mimi si wa kukugeuzia."

Kadzo anaigeuza. Mbele kuna mzungu mnene amelala juani. Nyuma yake, mwanamume mwembamba aliyevaa sare nyeupe amebeba viti vya ufuoni, vimepangwa kichwani na mabegani, hata uso wake unaonekana kwa shida.

Kadzo anaisogeza karibu na macho. Kisha anaanza kucheka mpaka anashika meza.

"Baba huyu! Nyumbani hata kigoda hakuwahi kukisogeza! 'Kadzo, niletee kiti. Kadzo, kisogeze kivulini.' Kumbe viti alikuwa amevichoka!"

Kicheko kinaisha, na machozi yanakuja, hayana fujo. Anayafuta kwa upindo wa leso. Anasema picha ikae, itazame watu, ili wajukuu wakipita waione. Sefu anachukua penseli.

Mtu angedhani hadithi imekamilika hapo, lakini karakana hii inavuja. Hewa ya chumvi inazila rangi za picha, bluu ya bahari imekuwa waridi, na mchwa wanaogopa mwarobaini lakini hawaogopi karatasi. Masika yaliyopita maji yaliingia, bando zima la picha likagandana. Alipojaribu kuzibandua, nyuso zilibaki upande mmoja na miili upande mwingine.

"Nilizizika nyuma ya nyumba," anasema. "Uso wa mtu huwezi kuutupa jaani."

Ndiyo maana moyo ulimdunda mwaka huu alipotembelewa na Mwendwa Kiilu, meneja wa hoteli moja ya Galu. Mwendwa ni kijana wa Makueni, mchangamfu, anaongea haraka kama mtu anayelipia maneno. Hoteli yake imejengwa juu ya kiwanja cha hoteli ya zamani iliyofungwa, jina na wenyewe wamebadilika. Alikuja na pendekezo ambalo Sefu alikuwa akiliota: chumba karibu na mapokezi, kikavu, chenye mlango na madirisha ya vioo, picha zikae humo moja kwa moja, na fundi awe anakuja kufanya kazi humo siku mbili kwa wiki.

Kulikuwa na sharti. Wenye hoteli walikuwa wamekuta postikadi ya zamani katika makabati ya hoteli ile ya kwanza, wakaipenda. Walitaka picha yake halisi, ikuzwe, itundikwe ukuta wa kati. Sefu anayo.

Mwandishi ameiona mara moja tu, siku mwenye uso alipoigeuza kwa mkono wake. Wanawake wanne wa dobi wanakung'uta shuka kubwa, wawili kila upande. Upepo umelijaza shuka likatuna. Wa kwanza kulia, msichana, leso imemwanguka mabegani, kichwa amekitupa nyuma, anacheka kwa mdomo wote. Ni picha nzuri mno. Ukiitazama unatamani kujua kilichosemwa.

Nyuma yake imeandikwa: Dobi, Twaiba Abubakar, Msambweni. Bado.

"Fundi, si hiyo iliuzwa postikadi dunia nzima?" Mwendwa alimwambia. "Kila mtu ashaiona. Kumuuliza saa hii kutasaidia nini?"

"Kutamsaidia yeye."

"Na akikataa? Mabosi wanataka hiyo. Julai wageni wanaanza kuingia."

Sefu anakiri kwamba alitamani. "Wallahi nilitamani, kwa nini nikufiche? Chumba kikavu, bwana! Nilikwenda kukiona, nikagusa ukuta kwa kiganja, hauna hata jasho. Nikajiambia, Sefu, geuza tu, mama wa watu hatajua."

"Ningemwambia mimi," anadakia Hafsa kutoka mlangoni.

Si kwamba hakuwahi kupiga hodi. Kwa miaka kadhaa amekuwa akienda Msambweni kwa Bi Twaiba na picha ndani ya leso. Hupokewa, hukalishwa, hupewa chai na mkate wa kumimina, huulizwa hali ya kila mtu mpaka paka. Akianza habari ya picha, jibu huwa lile lile: "Si leo, mwanangu."

Alhamisi moja mwandishi anafuatana naye. Nyumba ya Bi Twaiba ina bati jekundu na baraza pana, na barazani kuna mikeka, kwa sababu yeye ni mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima wamejifunza Kurani kwake, na baadhi ya wazazi wao pia. Ni mwanamke mrefu, mtandio umemzunguka uso vizuri, macho yana utani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mzigo wako."

"Nimekuja nao."

"Na leo umeleta na shahidi," anasema, akimtazama mwandishi kuanzia viatu kwenda juu. "Haya, kaeni."

Safari hii Sefu hangojei chai. Anamweleza yote: chumba, ukuta wa kati, Julai, masika yanavyomlia picha zake. Anasema hakuja kumshurutisha, lakini hawezi tena kungoja "si leo", kwa sababu chumba kitakwenda.

Bi Twaiba anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza, "Wewe ulinipiga picha hiyo?"

"La, mwalimu. Nilikuwa sijazaliwa."

"Uliiuza wewe?"

"La."

"Basi mbona waniomba wewe kila mwaka? Nakutazama, nakuonea huruma. Umebeba deni la watu wengine umelifunga kwenye leso."

Ndipo anapoeleza. Aliyepiga alikuwa mgeni wa hoteli, na hakusema neno. Baadaye shoga yake Biasha, aliyekuwa naye dobi kisha akahamishiwa duka la hoteli, alimletea habari: "Twaiba, unauzwa." Akaenda kuona. Alikuwa pale, kwenye kitundikio cha postikadi, cha waya, kinachozunguka, kati ya twiga na machweo, na chini yake pameandikwa kwa Kiingereza: Furaha ya Diani.

"Sikukasirika, nikwambie kweli. Nilifurahi. Sikuwahi kuwa na picha. Nikaenda ofisini, nikasema, naomba moja nimpelekee mama yangu. Yule wa ofisini akaniambia zinauzwa dukani." Anarekebisha mtandio. "Nikaambiwa ninunue uso wangu. Mshahara wangu walikuwa wanaujua, wao ndio walionilipa. Hapo ndipo nilipokasirika, na sijamaliza mpaka leo."

Kwa hiyo neno lake ni moja. Anayetaka kutundika aje mwenyewe, avue viatu, akae mkekani, aombe.

Njiani Sefu anampigia simu meneja. Sauti ya Mwendwa inasikika mpaka kwa mwandishi: "Lakini fundi, si sisi! Hiyo ilikuwa kampuni ingine kabisa! Mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa hata!"

"Mnakaa kwenye kiwanja chao," anasema Sefu kwa upole. "Na postikadi mliikuta kwenye kabati lenu."

Karatasi zinasikika zikipekuliwa. Kisha Mwendwa anauliza, "Jumamosi saa ngapi?"

Jumamosi Sefu na mwandishi wanatangulia barazani na picha ndani ya leso, na Mwendwa anafika na shati lililopigwa pasi. Ana sukari, unga wa ngano na majani ya chai, kwa sababu Hafsa alimwonya kwamba akienda mikono mitupu asirudi Ukunda. Anavua viatu. Soksi moja ina tundu, anajaribu kulificha chini ya mguu wa pili, na Bi Twaiba anajifanya hakuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kwenu ni wapi?"

Anamweleza kwao, mama yake, ndugu zake. Zile haraka zake zimemwisha. Mwishowe anasafisha koo. Anasema hoteli ile ya zamani ilimkosea, naye anaomba radhi ingawa hakuwepo. Anasema picha ni nzuri, na angependa kuitundika pale alipofanya kazi, ila hataitundika bila yeye kukubali. "Kwa hivyo nakuomba, mama. Unaturuhusu?"

Bi Twaiba anafungua leso. Anaigeuza picha mwenyewe, anaiweka mapajani, anaitazama kwa muda mrefu.

"Biasha alikuwa upande ule, mbele yangu," anasema. "Amekupa kisogo, humwoni uso. Alikuwa anamwigiza mama mkubwa wa dobi anavyotembea. Yule mama alitembea kama bata aliyekanyaga moto, Mungu anisamehe. Biasha maskini. Ametangulia zamani." Na hapo anacheka, kichwa kinakwenda nyuma vile vile, mtandio unateleza, anaushika upesi kabla haujaanguka. Meneja naye anacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha anaifunika picha.

"Nimeulizwa vizuri," anasema. "Jibu langu ni hapana."

Nje kuku anaparura.

"Msidhani nawakomesha. Uso huo niliucheka na Biasha, si na watu wa mapokezi. Wakati ule ningetaka kusema hapana, nani angenisikia? Leo nimepata wa kumwambia. Sasa moyo wangu umetulia."

Mwandishi anamtazama Sefu na kuona chumba kikavu kinavyomtoka. Lakini fundi anafanya vile anavyofanya siku zote: anainyanyua picha kwa mikono miwili na kumpa mwenyewe. "Basi ni yako, mwalimu. Fremu pia."

"Kaa nayo wewe," anasema Bi Twaiba. "Nilivyocheka mimi nakumbuka. Kama mnataka kuitundika ukuta wenu huo wa kati, itundikeni ikiangalia ukuta. Mgongo hauna neno. Ila jina langu liandikeni lote, lisomeke."

Wote wanamgeukia Mwendwa. Anakuna kichwa. Anamtazama Bi Twaiba, anaitazama leso, anaitazama soksi yake.

"Mabosi wataniuliza nimewaletea nini," anasema. "Nitawaambia waje pia, wakae hapa, waulize." Anaingiza mkono mfukoni, anatoa funguo nyingi zilizofungwa pamoja, anachomoa mmoja na kumpa Sefu. "Fundi, hamisha vitu kabla mvua haijaanza."

Sefu anaupokea kwa mikono miwili, kama alivyoinyanyua picha. Hafsa angekuwepo angemsemea shukrani.

Anachotaka Sefu sasa ni afya na nauli. Wapo wengi ukutani ambao hajawafikia: mpiga marimba ambaye husemekana yuko Lunga Lunga, yaya wa watoto wa wageni asiyejulikana hata jina. Anatumaini wageni watakaoingia chumba kile watauliza kwa nini picha ya katikati imegeuzwa, na aliyepo atawaeleza. Anatumaini pia kwamba wakitoka ufuoni na simu zao, angalau mmoja atakumbuka kuuliza kwanza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Bado tuko barazani, chai ya pili inamiminwa, na Sefu amegeuza picha kifudifudi gotini. Anatoa kifutio mfukoni, anafuta neno la mwisho taratibu, anapuliza vumbi lake. Bi Twaiba anainama kuhakikisha jina lake limekamilika. Kisha fundi anaandika kwa penseli, herufi kubwa kuliko kawaida yake: Ameulizwa.